Tumbo likikataa vitamu, soma nyuma ya pakiti

Yako maradhi ambayo mtu huyataja bila haya. Akishikwa na homa atasema, akiumwa na jino atasema, tena kwa sauti. Lakini tumbo linalovimba kila baada ya kula, linalonguruma darasani wakati wote wamenyamaza, linalomlazimisha mtu kushuka kwenye matatu kabla ya kufika aendako ili atafute choo, hilo watu hulificha. Mwanafunzi hukaa na njaa siku ya mtihani. Mama hukataa mwaliko wa harusi kwa kisingizio cha kazi nyingi. Mtoto naye huambiwa ni mlafi, eti kazidisha vitamu.

Katika nyumba nyingi za mjini, tumbo la namna hii likianza vituko vyake, lawama ya kwanza huiangukia sukari. Peremende hupigwa marufuku na biskuti hufungiwa kabatini. Mgonjwa hununuliwa vitu vya bei ghali vilivyoandikwa kuwa havina sukari, au vimetiwa asali badala ya sukari, au vina nyuzinyuzi kwa wingi. Juma moja halijaisha, tumbo limezidi kuvimba kama ngoma. Pesa zimetumika, mtoto kanyimwa raha yake, na nafuu haionekani.

Leo basi tuzungumzie vitafunio vitamu vya pakiti na tumbo linalosumbua. Ukisahau mengine yote, shika hili moja: utamu wenyewe hauna neno. Kinacholiudhi tumbo ni aina fulani za sukari, na wingi wake. Aina hizo zimetajwa kwa majina nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo, na mtu yeyote ajuaye kusoma anaweza kujifunza kuzitambua.

DAKTARI KWANZA

Kabla hatujafika dukani, tupitie hospitalini. Gesi na maumivu ya tumbo yana sababu nyingi. Yawezekana ni amiba, minyoo, au vidonda vya tumbo, na maradhi hayo yana dawa zake. Hayatibiwi kwa kubadilisha biskuti.

Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila kujua sababu, homa ikikataa kukuachilia, ukiambiwa damu imepungua mwilini, ukiamshwa usiku na kuhara, au shida ikianza ukiwa umeshapita miaka 50, usikae nyumbani ukijaribu hili na lile. Nenda ukapimwe. Aidha, usiache kula ngano kabla daktari hajaamua kama unahitaji kupimwa ugonjwa wa siliaki, ule unaosababishwa na gluteni. Ukiiacha ngano mapema, kipimo hicho chaweza kukosa kuuona ugonjwa ambao uko.

Watu wengi hupimwa, na vipimo vya maradhi hayo vyote vikarudi safi, lakini tumbo likaendelea na mambo yake. Hao ndio madaktari huwaambia kwamba utumbo wao ni mwepesi wa kuudhika, hali ijulikanayo kwa kifupi kama IBS. Kwa mujibu wa vigezo vilivyotolewa na wataalamu wa tumbo mwaka 2016, mtu mwenye hali hiyo huwa na maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa juma, kwa miezi mitatu iliyopita, na maumivu hayo huandamana na mabadiliko ya choo: huzidi au hupungua aendapo choo, au choo chenyewe huwa chepesi mno, kigumu mno, au cha mara nyingi kupita kawaida. Si ugonjwa wa kuua, wala si wa kubuni. Anayeumwa anaumwa kweli.

FODMAP NI NINI?

Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne huko Australia, Peter Gibson na Susan Shepherd, walilitangaza jina FODMAP. Ni herufi za kwanza za maneno marefu ya kitaalamu, na kuyakariri maneno hayo si lazima. Maana yake ni kundi la sukari na wanga mfupi ambao utumbo mwembamba haufyonzi vizuri.

Vitu hivyo vikipita bila kufyonzwa hutenda mambo mawili. Kwanza, huvuta maji na kuyaingiza ndani ya utumbo. Pili, vikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo hufurahia karamu, huvichachusha, na uchachu huo hutoa gesi. Mambo haya hutokea kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba mtu mwenye utumbo mwepesi wa kuudhika huihisi hewa hiyo na maji hayo kama maumivu, ilhali jirani yake aliyekula sahani ile ile hana habari.

Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa watu 30 wenye IBS. Kila mmoja alikula chakula chenye FODMAP kidogo kwa siku 21, na kwa siku nyingine 21 akala chakula cha kawaida cha nchi hiyo. Walipoulizwa wayapime mateso ya tumbo lao kwa kipimo cha kuanzia 0 hadi 100, wastani ulikuwa 22.8 walipokula chakula chenye FODMAP kidogo, na 44.9 walipokula kile cha kawaida. Kwa hivyo lishe hii haimponyi kila mtu, lakini nafuu inayoleta si ya kupuuzwa.

Kwa ajili ya kazi yetu ya leo, tuyagawe makundi haya manne kama watu wa ukoo.

La kwanza ni fruktani pamoja na ndugu zake. Hizi zimo katika ngano, kitunguu na kitunguu saumu. Ndugu zake wamo katika maharagwe na jamii nyingine za kunde, na pia katika korosho.

La pili ni laktosi, sukari ya maziwa.

La tatu ni fruktosi, pale inapoizidi glukosi. Hapo ndipo utakapoikuta asali, embe, tofaha, na shira ya mahindi iliyoongezwa fruktosi.

La nne ni polioli, vitu vitamu vinavyotiwa badala ya sukari katika chingamu na peremende. Baadhi yake zimo pia kwa asili katika matunda kama tofaha na peasi.

SUKARI YA MEZANI HAIMO

Huenda umeshangaa kwamba sukari ya kawaida, ile ya miwa tunayotia kwenye chai, haikutajwa. Haikusahaulika. Sukari hiyo imeundwa kwa sehemu moja ya glukosi na sehemu moja ya fruktosi. Mwilini hugawanyika, na glukosi huisaidia fruktosi kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Kwa hivyo haihesabiwi miongoni mwa FODMAP. Shira ya glukosi, ambayo imo katika peremende nyingi za kawaida, nayo kwa kawaida haina taabu.

Hii haina maana kwamba sasa tule sukari kwa kijiko kikubwa. Meno bado ni meno, unene bado ni unene, na mwenye ugonjwa wa kisukari ana sheria zake alizopewa na daktari wake ambazo ukurasa huu hauzifuti. Twazungumzia gesi na maumivu ya tumbo peke yake. Kwa upande huo, mtoto aliyenyimwa peremende ya sukari akapewa kitafunio cha asali ametolewa kwenye kivuli akawekwa juani.

JINSI YA KUISOMA PAKITI

Sasa twende dukani. Mbele ya pakiti kuna picha na maneno ya kuvutia, na yamewekwa hapo ili ununue. Igeuze. Nyuma utakuta mambo mawili: jedwali la nguvu na virutubisho, na orodha ya viambato, yaani vitu vyote vilivyochanganywa kutengeneza chakula hicho.

Jedwali halitakusaidia sana. Litakuambia kuna gramu kadhaa za sukari, lakini halitakuambia kama ni sukari ya miwa, laktosi au fruktosi. Inulini nayo, ambayo ni aina ya fruktani, huenda ikahesabiwa pamoja na nyuzinyuzi na ukaisifu bila kujua.

Kinachokufaa ni orodha ya viambato. Sheria za lebo za vyakula vya pakiti, hapa kwetu na katika nchi nyingi, zinataka viambato viorodheshwe kuanzia kile chenye uzani mkubwa hadi chenye uzani mdogo. Kwa hivyo kilichotajwa kwanza ndicho kingi kupita vyote. Asali ikiwa ya pili, jihadhari. Poda ya maziwa ikiwa ya mwisho kabisa, baada ya chumvi, haina haja ya kukukosesha usingizi.

Tafuta mambo haya manne, kwa mpangilio huu.

Moja: polioli. Majina yake kwenye pakiti huishia kwa herufi "ol": sorbitol, mannitol, xylitol, maltitol, lactitol. Isomalt pekee haifuati mtindo huo. Viwanda vingine huandika namba badala ya majina, basi zinakili mahali: E420 ni sorbitoli, E421 ni manitoli, E953 ni isomalti, E965 ni maltitoli, E966 ni laktitoli, na E967 ni ksilitoli. Lakini usiogope kila kinachoishia kwa "ol". Menthol ni ile ladha ya kupoza koo tu, haimo katika kundi hili.

Mbili: fruktosi. Tazama maneno honey, fructose, fructose syrup, au juisi nzito ya tofaha au peasi. Juisi hizo hutumiwa sana katika vitafunio vya watoto vinavyojisifu kuwa havikuongezwa sukari.

Tatu: fruktani. Inulin ndilo jina la kukumbuka. Pengine huandikwa chicory root fibre, yaani nyuzinyuzi za mzizi wa mmea uitwao chikori. Hutiwa katika vitafunio ili vionekane vya afya. Angalia pia unga wa ngano umesimama nafasi ya ngapi, na kama kuna tende, zabibu kavu, korosho, au unga wa dengu.

Nne: laktosi. Poda ya maziwa, maziwa mazito, na poda ya maji ya jibini, ambayo huandikwa whey powder. Siagi na samli si wa kuogopwa hapa, kwa kuwa ni mafuta na laktosi yake ni chache mno.

PAKITI NNE MEZANI

Tuchukue mifano minne. Haya si majina ya kampuni yoyote, lakini orodha za namna hii utazikuta madukani.

Pakiti ya kwanza ni biskuti za kawaida za watoto: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, shira ya glukosi, poda ya maziwa, chumvi. Ngano imetangulia, kwa hivyo fruktani zimo. Lakini biskuti ni ndogo na nyepesi. Moja au mbili watu wengi wenye tumbo hili huzimudu. Pakiti nzima mbele ya televisheni ni habari nyingine.

Pakiti ya pili ni kipande cha njugu na matunda, chenye karatasi ya kijani na picha ya mtu anayekimbia. Viambato: tende, korosho, asali, oti, inulini. Bei yake yaweza kukununulia biskuti za watoto wanne. Hesabu sasa: tende zina fruktani, korosho zina fruktani na ndugu zake, asali ina fruktosi iliyozidi, na inulini ni fruktani iliyoongezwa makusudi. Hapo ni oti pekee ambayo kwa kiasi kidogo haina ubaya. Kwa mtu mwenye afya chaweza kuwa chakula kizuri. Kwa mwenye utumbo mwepesi wa kuudhika ni sherehe kamili ya bakteria.

Pakiti ya tatu ni peremende zisizo na sukari: isomalti, maltitoli, ladha, rangi. Hizi ndizo hununuliwa kwa nia njema kuliko zote, na ndizo huumiza haraka. Katika nchi za Ulaya, chakula chenye polioli zaidi ya asilimia 10 ni lazima kiandikwe onyo kwamba kula kwa wingi kwaweza kuharisha. Peremende zilizotoka huko utalikuta onyo hilo kwenye karatasi, ila kwa maandishi ambayo wengi hawayatazami.

Na si jambo la mzaha. Mnamo Januari 2008 madaktari wa Berlin, Ujerumani, walieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa wawili waliokuwa wakihara kwa muda mrefu na kukonda. Mwanamke wa miaka 21 alikuwa amepungua kilo 11, na mwanamume wa miaka 46 kilo 22. Walipimwa kila kitu. Mwishowe ikagunduliwa kwamba wote wawili walikuwa wakitafuna chingamu zisizo na sukari kwa wingi, mmoja wao akila na peremende, na hivyo kumeza gramu 18 hadi 30 za sorbitoli kila siku. Kijiti kimoja cha chingamu kilikuwa na gramu 1 na robo hivi. Walipoziacha, kuhara kukakoma na uzani ukaanza kurudi. Mwanafunzi atafunaye chingamu ili asilale akidurusu, au ili kuua njaa hadi jioni, na aitafakari habari hiyo.

Pakiti ya nne ni kashata ya njugu, ile ya karatasi ya nailoni inayouzwa karibu na steji: njugu karanga, sukari, basi. Njugu karanga, ingawa ni jamaa ya kunde, zina FODMAP chache kwa kiasi cha konzi moja, yaani gramu 30 hivi. Sukari tumeshaisafisha jina. Kwa hivyo kitafunio cha bei rahisi kuliko vyote mezani ndicho kinacholifaa tumbo hili kuliko vyote. Simsim iliyoshikanishwa kwa sukari nayo imo katika kundi hilo hilo, na bisi pia, mradi zisipakwe asali.

Kashata ya barabarani haina orodha ya kusoma, lakini ina mwenyewe aliyeipika. Muulize kwa adabu: "Mama, kashata hizi umezitia nini?" Akikujibu, "Njugu, sukari na iliki tu, mwanangu," umepata lebo iliyo bora kuliko nyingi. Akisema ametia asali au korosho, mshukuru na uchague kingine. Halwa ya Pwani nayo ni wanga, sukari, samli na iliki. Uliza tu kama imepambwa kwa korosho.

Na chokoleti je? Ile nyeusi, kipande cha gramu 30 hivi, wengi huimudu. Ile ya maziwa ina laktosi, kwa hivyo gramu 20 zatosha. Epuka yenye matunda makavu ndani, maana tunda likikaushwa, sukari ya tunda kubwa hujikusanya katika kipande cha kukuingia mdomoni mara moja.

MANENO YA MBELE YASIKUHADAE

"Haina gluteni." Gluteni ni protini, na FODMAP ni sukari na wanga. Kitu kisicho na gluteni hakina ngano, na hilo ni jema, lakini huenda kimetengenezwa kwa unga wa dengu na kutiwa asali na inulini. Geuza pakiti.

"Haina sukari." Umeshajua. Tafuta "ol".

"Ya asili kabisa." Asali ni ya asili, kitunguu ni cha asili, na tumbo lako halitoi msamaha kwa sababu hiyo.

"Ina nyuzinyuzi nyingi." Uliza za nini. Za oti si sawa na za chikori.

KIASI, NA KIKOMBE CHA CHAI

Kosa kubwa la wengi ni kukigawa chakula katika mafungu mawili tu, halali na haramu. Lishe hii ni ya vipimo. Biskuti mbili huenda zikapita salama, na nane zikaleta vita. Isitoshe, vitu vidogo vidogo hujumlika. Biskuti mbili saa nne, embe saa sita, maharagwe saa saba, chokoleti saa kumi: kila kimoja peke yake kingevumilika, lakini vyote vimekutana utumbo ule ule. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa humwagika.

Na kwetu Kenya kuna mshukiwa mwingine ambaye hakamatwi. Mtu husema, "Biskuti zanisumbua," kumbe kila biskuti huisukuma kwa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Glasi moja ya maziwa, mililita 250, ina gramu 12 hivi za laktosi. Watu wazima wengi duniani, na Waafrika wengi miongoni mwao, hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuisaga laktosi baada ya utoto. Lakini si wote. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 ya Kenya, Tanzania na Sudan, wakaonyesha kwamba jamii nyingi za wafugaji wa pande zetu zina mabadiliko ya kurithi yanayowawezesha kunywa maziwa hata uzeeni. Hivyo basi, katika ploti moja ya jijini, jirani huyu hunywa maziwa kama maji, na yule humvimbisha. Usimcheke mwenzako.

Jaribio lake ni rahisi. Siku tatu kula biskuti zako mbili kwa chai ya rangi. Tumbo likitulia, kosa lilikuwa la kikombe.

SI LISHE YA MAISHA

Tafadhali usikate ukurasa huu ukaubandika jikoni kama sheria ya milele. Lishe hii ina hatua tatu, na wengi hukwama katika ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni kupunguza vyakula vyenye FODMAP nyingi kwa majuma mawili hadi sita, si zaidi. Kama hakuna nafuu yoyote kufikia hapo, huenda FODMAP sizo zenye kosa, na hakuna haja ya kuendelea kujinyima.

Hatua ya pili ni kurudisha kundi moja moja na kupima. Kwa mfano, siku ya kwanza onja kijiko cha asali, siku ya pili viwili, siku ya tatu vitatu, huku chakula kingine kikibaki kama kilivyokuwa. Andika katika daftari ulikula nini, saa ngapi, na tumbo lilisema nini hadi kesho yake. Pumzika siku chache, kisha jaribu laktosi, halafu ngano, na kuendelea.

Hatua ya tatu ni kuishi. Unarudisha kila kilichokubaliwa na kupunguza tu kile kilichokukataa. Watu wengi hugundua kwamba adui yao ni kundi moja au mawili, wala si manne. Hilo ni muhimu, kwa sababu maharagwe, matunda, maziwa na nafaka ni chakula bora na cha bei nafuu, na bakteria wa utumboni wenyewe tunawahitaji. Kujinyima bila sababu ni kuukondesha mwili na mfuko.

Ukiweza, mwone mtaalamu wa lishe katika hospitali kubwa iliyo karibu nawe. Kwa mtoto, mama mjamzito, mtu aliyekonda, au kijana aliyewahi kuogopa chakula akawa hali, kumwona mtaalamu ni lazima. Hao wasianzishiwe lishe ya kupunguza vyakula na mzazi, rafiki, wala mwandishi wa gazeti.

MTOTO KWENYE SHEREHE

Nimalizie na watoto na vijana, kwa sababu wao ndio huumizwa zaidi na marufuku. Mtoto anayekaa pembeni wakati wenzake wanakula keki ya siku ya kuzaliwa hujifunza kuona haya kwa ajili ya mwili wake. Mwanafunzi anayeogopa kila kitu kantini huanza kula peke yake, halafu asile kabisa. Maumivu ya tumbo ni mabaya, lakini upweke wa namna hiyo nao ni ugonjwa.

Kwa hivyo, mzazi, usimpe mwanao orodha ya makatazo pekee. Keti naye mezani siku ya mapumziko kama leo, mtoe pakiti zote zilizomo kabatini, mzigeuze, na mwache yeye asome. Mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa kuitafuta sorbitoli na kuhesabu asali imesimama nafasi ya ngapi. Wekeni pakiti hizi upande huu na zile upande ule, na upande wa tatu wekeni zile za "kidogo tu". Halafu akienda kwenye sherehe atajua kwamba kipande chembamba cha keki, peremende mbili za sukari na konzi ya njugu vinamtosha, tena bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwenye tumbo bovu haombi dunia iache kula vitamu. Anataka tu naye apate chake, kisha alale usiku. Kwa wengi wao hilo lawezekana, mradi mtu ajifunze kuigeuza pakiti kabla ya kuifungua.

Tukutane Jumapili ijayo.